Pointi ya aliyefungwa: Jinsi msimamo wa hoki ya barafu unavyohesabiwa, na somo lake kwa soka letu

Na Mwandishi Wetu, Malampaka

MEI 20, 2017, siku ya mwisho ya Ligi Kuu Tanzania Bara, Yanga ilifungwa bao 1-0 na Mbao FC katika Uwanja wa CCM Kirumba jijini Mwanza. Siku hiyo hiyo Simba iliifunga Mwadui mabao 2-1. Jioni ilipoingia, timu hizo mbili zilikuwa na pointi 68 kila moja. Hata hivyo, aliyefungwa ndiye aliyetoka uwanjani akiwa bingwa, na aliyeshinda akaondoka mikono mitupu.

Katika vijiwe vya kahawa vya Malampaka, mji mdogo wa wilayani Maswa, mkoani Simiyu, uliokua kandokando ya reli iendayo Mwanza, hesabu ile haijaisha hadi leo. Kila msimu unapokaribia mwisho, hutajwa tena kana kwamba ni ya jana. Wapo wanaoona kuwa haki ilitendeka, na wapo wanaoamini kwamba timu yao iliporwa.

Wenyeji wa eneo hili wanaielewa hoja hiyo kuliko wengi, kwa kuwa ni wakulima wa pamba. Mkulima anajua kuwa jasho lake shambani ni jambo moja na mizani ya mnunuzi ni jambo lingine. Pamba ni ile ile, lakini mizani ikibadilishwa, malipo nayo hubadilika. Pointi katika ligi ndiyo mizani ya michezo. Ukitaka kuona jinsi mizani inavyoweza kumpandisha mmoja na kumshusha mwingine bila yeyote kudanganya, hakuna mchezo unaofundisha vizuri zaidi ya hoki ya barafu.

Mchezo wenyewe

Hoki ya barafu ni mpira wa magongo unaochezwa juu ya barafu, wachezaji wakivaa viatu vyenye makali ya chuma chini ya nyayo. Badala ya mpira wa duara, wanagombea kisahani kigumu cha mpira mweusi. Kila upande huwa na wachezaji sita uwanjani, kipa akiwa mmojawapo, na mchezo huenda kwa vipindi vitatu vya dakika 20 kila kimoja, yaani dakika 60.

Msomaji asidhani kuwa jambo hili ni la Ulaya na Marekani ya Kaskazini peke yake. Jijini Nairobi, kando ya Barabara ya Mombasa, hoteli ya Panari ilifungua uwanja wa barafu mwaka 2005, kusini mwa mstari wa Ikweta. Ndipo ilipozaliwa timu ya Kenya, maarufu kwa jina la Ice Lions. Mwaka 2018 wachezaji wake walialikwa Kanada, wakacheza wakiwa na nyota wawili wa ligi kubwa, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Mwaka 2024 Kenya ilipokewa kuwa mwanachama mshiriki wa Shirikisho la Kimataifa la Hoki ya Barafu, IIHF. Kwa hiyo hata hapa Afrika Mashariki tayari wapo vijana wanaopaswa kujua hesabu hii tutakayoieleza.

Ligi kubwa kuliko zote katika mchezo huo ni NHL, iliyoanzishwa mwaka 1917, yenye timu za Kanada na Marekani. Hivi sasa ina timu 32. Kwa miaka mingi kila timu ilicheza mechi 82 kabla ya hatua ya mtoano, na timu 16 ndizo huingia katika mtoano huo kuwania kombe. Ni katika mbio za kuingia miongoni mwa hizo 16 ambapo kila pointi hugeuka kuwa dhahabu.

Mbili, moja, sifuri

Tangu mwanzo NHL ilitoa pointi mbili kwa mshindi, moja kwa kila upande timu zikitoka sare, na sifuri kwa aliyefungwa. Hesabu hiyo ndiyo iliyotumika pia katika soka kwa miongo mingi. Ligi ya Uingereza ilianza nayo mwaka 1888, na dunia nzima ikaifuata.

Uzuri wa hesabu hiyo ulikuwa usawa wake. Kila mechi ilikuwa na pointi mbili za kugawana, wala si zaidi wala si pungufu. Akishinda mmoja, anazichukua zote. Zikitoka sare, wanagawana nusu kwa nusu. Ukiwa na idadi ya mechi zilizochezwa, unaweza kujua jumla ya pointi zote katika ligi bila kuangalia msimamo.

Ubaya wake ni kwamba sare ilikuwa na thamani kubwa mno. Timu iliyotoka sare mara mbili ilipata sawa na ile iliyoshinda mara moja na kufungwa mara moja. Hivyo kocha mwoga hakuwa na sababu ya kushambulia ugenini. Alijaza watu nyuma, akaondoka na pointi yake moja, na watazamaji wakarudi nyumbani na usingizi.

Michezo hii miwili iliuona ugonjwa ule ule, lakini kila mmoja ukatafuta dawa yake, nazo dawa hizo zinakwenda pande tofauti kabisa.

Dawa ya soka

Soka iliongeza thamani ya ushindi. Uingereza ilianza kutoa pointi tatu kwa mshindi katika msimu wa 1981/82. Kombe la Dunia likafuata katika fainali za mwaka 1994 nchini Marekani, na tangu hapo pointi tatu zikawa kanuni ya kawaida duniani.

Angalia kilichotokea kwa mizani. Mechi yenye mshindi sasa inatoa pointi tatu, lakini mechi ya sare inatoa mbili tu, moja kwa kila upande. Timu zikitoka sare, pointi moja inapotea, haimwendei mtu. Ni kama faini ambayo timu zote mbili hulipa kwa kushindwa kutafuta bao.

Mashabiki wa Simba wana sababu ya kuishukuru kanuni hiyo. Katika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika msimu wa 2018/19, Simba ilipangwa na Al Ahly ya Misri, AS Vita ya Kongo na JS Saoura ya Algeria. Ilishinda mechi zote tatu za nyumbani na kufungwa zote tatu za ugenini, mbili kati ya hizo kwa mabao 5-0. Ilifunga mabao sita na kufungwa 13. Hata hivyo ilimaliza ya pili ikiwa na pointi tisa, nyuma ya Al Ahly yenye 10, mbele ya Saoura yenye nane na Vita yenye saba, ikafuzu robo fainali.

Sasa turudishe mizani ya zamani ya pointi mbili. Simba, kwa ushindi mara tatu, ingekuwa na pointi sita. Saoura, iliyoshinda mara mbili, kutoka sare mara mbili na kufungwa mara mbili, ingekuwa nazo sita pia. Zingelingana. Saoura ilikuwa imefunga sita na kufungwa tisa, hivyo kwa tofauti ya mabao ingekuwa juu ya Simba. Simba ingeweza kuokolewa tu kwa matokeo ya timu hizo mbili zilipokutana, yaani 3-0 Dar es Salaam na 2-0 Algeria. Mechi ni zile zile, mabao ni yale yale, lakini mizani moja inampeleka mtu robo fainali bila maswali na nyingine inamwacha akishika tama.

Dawa ya hoki

Hoki ya barafu haikuongeza thamani ya ushindi. Iliamua kuifuta sare yenyewe.

Hapa kuna kisa ambacho wakazi wa mji wa reli kama Malampaka watakifurahia. Zamani mechi za NHL zilizofungana ziliongezwa muda. Lakini Novemba 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, ligi hiyo iliondoa muda wa nyongeza katika mechi za kawaida kwa sababu timu zilisafiri kwa treni, na ratiba za treni wakati wa vita hazikuruhusu wachezaji kuchelewa kituoni. Kwa takriban miaka 40 mechi zikawa zinaisha kwa sare kwa sababu ya ratiba ya gari moshi. Muda wa nyongeza wa dakika tano ulirejeshwa katika msimu wa 1983/84.

Uliporejeshwa, tatizo jingine likajitokeza. Timu iliyofikisha dakika 60 ikiwa sare ilikuwa tayari na pointi moja mkononi. Ikishambulia katika dakika tano za nyongeza na kufungwa, inaipoteza pointi hiyo. Hivyo timu nyingi zilikaa tu zikisubiri kengele ya mwisho.

Msimu wa 1999/2000 ligi ikatoa kanuni mpya: timu itakayofungwa katika muda wa nyongeza haitapoteza kila kitu, itabaki na pointi yake moja. Mshindi atapata mbili kama kawaida. Nia ilikuwa njema, yaani kuwaondolea makocha hofu ili washambulie. Kisha msimu wa 2004/05 ukafutwa wote kutokana na mgogoro wa mikataba kati ya wamiliki na wachezaji, na ligi iliporejea msimu wa 2005/06, ilileta mikwaju ya kupigiana. Mchezaji huondoka na kisahani katikati ya uwanja akimkabili kipa peke yake, wachezaji watatu kwa kila upande, na zikifungana huendelea mmoja mmoja hadi mshindi apatikane. Tangu siku hiyo hakuna tena sare katika NHL. Msimu wa 2015/16 wachezaji katika muda wa nyongeza walipunguzwa kuwa watatu kwa kila upande pamoja na kipa, ili nafasi iwe kubwa na bao lipatikane haraka. Bao la kwanza ndilo linalomaliza mchezo.

Hivyo basi, hesabu ya leo katika NHL ni hii. Ukishinda, kwa dakika 60 au baada yake, unapata pointi mbili. Ukifungwa katika muda wa nyongeza au kwa mikwaju, unapata moja. Ukifungwa ndani ya dakika 60, hupati kitu.

Kwa sababu hiyo, katika jedwali la msimamo utaona safu tatu zilizoandikwa kwa mfano 45-28-9. Maana yake timu imeshinda mara 45, imefungwa ndani ya muda wa kawaida mara 28, na imefungwa baada ya muda wa kawaida mara tisa. Zidisha 45 kwa mbili, ongeza tisa, unapata pointi 99. Atakayedhani kuwa ile tarakimu ya tatu ni sare, kama ilivyo katika soka, atakuwa amepotea. Ile ni vipigo, ila ni vipigo vyenye malipo.

Pointi ya tatu inatoka wapi?

Sasa tuupime mzani huu kama tulivyoupima ule wa soka. Mechi ya NHL ikiisha ndani ya dakika 60 inatoa pointi mbili kwa jumla. Ikienda muda wa nyongeza inatoa tatu: mbili kwa mshindi na moja kwa aliyefungwa.

Ni kinyume kabisa cha soka. Katika soka timu zikilingana, pointi moja inapotea. Katika NHL timu zikilingana, pointi moja inazaliwa. Soka inatoza faini kwa kufungana, NHL inatoa zawadi.

Fikiria basi mechi ikiwa imefungana huku zimebaki dakika tano kufika 60. Timu zote mbili zinajua kuwa zikivumilia kidogo tu, kila moja itakuwa na pointi moja ya uhakika na nafasi ya kupata nyingine. Kushambulia sasa ni kuhatarisha. Kusubiri ni kujihakikishia. Woga ulioondolewa katika muda wa nyongeza umehamia dakika za mwisho za muda wa kawaida. Umefukuza nyoka jikoni, ameingia chumbani.

Anayeumia si yeyote kati ya hao wawili walioko uwanjani. Anayeumia ni wa tatu, aliyeko nyumbani akiangalia wapinzani wake wawili wakigawana pointi tatu mahali palipopaswa kuwa na mbili.

Mfano wa kweli ni msimu wa 2014/15 katika kanda ya Magharibi. Winnipeg ilishinda mechi 43, ikafungwa 26 ndani ya muda wa kawaida na 13 baada ya muda huo, ikapata pointi 99. Calgary ilishinda mechi 45, mbili zaidi ya Winnipeg, lakini ilikuwa na vipigo saba tu vya kulipwa, ikapata 97. Aliyeshinda mara nyingi akawa chini ya aliyeshinda mara chache.

Wote wawili waliingia katika mtoano. Aliyeachwa nje alikuwa Los Angeles Kings, bingwa wa mwaka uliotangulia, mwenye pointi 95: ushindi 40, vipigo 27 vya kawaida na 15 vya baada ya muda. Bingwa mtetezi alikosa hata nafasi ya kulitetea kombe kwa tofauti ya pointi mbili. Ukiangalia vipigo vya dakika 60 peke yake, Kings walifungwa mara 27 na Calgary 30. Mechi zao 15 zilizowaponyoka baada ya muda wa kawaida ndizo zilizowazamisha, kwani kila moja ingeweza kuwapa pointi ya pili.

Mizani ya tatu

Mashindano ya kimataifa ya hoki yalichagua njia ya katikati. Tangu mashindano ya dunia ya mwaka 2007, IIHF inatoa pointi tatu kwa anayeshinda ndani ya dakika 60, mbili kwa anayeshinda baada ya hapo, moja kwa anayefungwa baada ya hapo, na sifuri kwa anayefungwa ndani ya dakika 60. Hivi ndivyo pia inavyohesabiwa katika Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi.

Katika mizani hii kila mechi ina pointi tatu, iwe fupi au ndefu. Hakuna inayopotea na hakuna inayozaliwa. Aliyemaliza kazi mapema analipwa kamili. Aliyechelewa kuimaliza anamegewa kidogo mwenzake aliyemsumbua.

Tutumie timu mbili za kubuni tuone tofauti. Timu ya kwanza imeshinda mechi 40, zote ndani ya dakika 60, na kufungwa 42, nazo zote ndani ya dakika 60. Timu ya pili imeshinda mechi 36, kati yake 20 ndani ya dakika 60 na 16 baada yake. Imefungwa 30 ndani ya muda na 16 baada ya muda. Zote zimecheza 82.

Kwa mizani ya NHL, ya kwanza ina pointi 80 na ya pili ina 88. Kwa mizani ya kimataifa, ya kwanza ina pointi 120. Ya pili ina 60 za ushindi wa mapema, 32 za ushindi wa kuchelewa na 16 za vipigo vya kulipwa, jumla 108. Aliyekuwa nyuma kwa pointi nane sasa yuko mbele kwa 12. Hakuna mechi iliyorudiwa wala bao lililoongezwa.

NHL yenyewe imekiri kidogo udhaifu wake. Tangu msimu wa 2019/20, timu mbili zikilingana kwa pointi, inayotazamwa kwanza ni ile yenye ushindi mwingi zaidi uliopatikana ndani ya dakika 60. Kwa maneno mengine, ligi hailipi ushindi wa mapema kwa pointi zaidi, lakini inaukumbuka siku ya kuamua ugomvi.

Turudi Kirumba

Hapo ndipo hoja inaporudi kwetu. Pointi zikilingana, nani awe juu? Soka lina majibu mawili makuu. La kwanza ni uwiano wa mabao, yaani mabao ya kufunga ukiondoa ya kufungwa. La pili ni matokeo ya timu hizo mbili zilipokutana. Jibu la kwanza linapima msimu mzima. La pili linapima siku mbili. Kila moja lina haki yake, lakini halikubaliki kubadilishwa baada ya mechi kuchezwa.

Mwaka 2017 Yanga iliibuka bingwa kwa uwiano wa mabao, ukiwa ubingwa wake wa tatu mfululizo. Lakini uchungu wa Simba haukutokana na mabao hayo peke yake. Aprili 2 mwaka huo ilifungwa 2-1 na Kagera Sugar katika Uwanja wa Kaitaba mjini Bukoba. Ikalalamika kuwa wapinzani walimchezesha mchezaji mwenye kadi tatu za njano. Kamati iliyosikiliza shauri hilo kwanza iliipa Simba pointi tatu za mezani. Baadaye Kamati ya Katiba, Sheria na Hadhi za Wachezaji ya Shirikisho la Soka, TFF, ikatengua uamuzi huo, na matokeo ya uwanjani yakabaki.

Hesabu yake haihitaji kalamu. Kwa pointi zile tatu, Simba ingemaliza na 71 na ubingwa ungekuwa wake. Bila hizo, ilimaliza na 68 ikawa ya pili. Simba ilitangaza kulipeleka suala hilo FIFA, lakini kombe lilibaki Jangwani. Faraja yake ilikuwa Kombe la Shirikisho, ililolitwaa wiki moja baadaye mjini Dodoma kwa kuifunga Mbao, wale wale walioifunga Yanga.

Uwiano wa mabao uliizuru Simba tena msimu wa 2023/24. Yanga ilitwaa ubingwa kwa pointi 80, na nyuma yake Azam na Simba zikafungana kwa pointi 69. Azam ikawa ya pili kwa mabao, ikaenda Ligi ya Mabingwa Afrika. Simba ikaangukia Kombe la Shirikisho Afrika. Waliosema kuwa ni balaa walinyamazishwa na mpira wenyewe: Azam ilitolewa mapema na APR ya Rwanda, wakati Simba ilifika fainali Mei 2025 na kufungwa na RS Berkane ya Morocco. Hata hivyo, mapato na hadhi ya mashindano hayo mawili havifanani, na tofauti hiyo yote ilitokana na mabao yaliyofungwa katika mechi ambazo watu walidhani zilikuwa zimekwisha kwa ushindi wa mapema.

Viporo na udanganyifu wa jedwali

Lipo jambo jingine ambalo hoki inaweza kutufundisha. Katikati ya msimu wa ligi yetu, jedwali hudanganya kwa sababu ya viporo. Timu moja imecheza mechi 25 na ina pointi 40, nyingine imecheza 20 na ina 35. Magazeti yanaandika kuwa ya kwanza inaongoza. Je, ni kweli?

Wenzetu hutumia asilimia ya pointi: pointi ulizopata, ugawe kwa pointi ulizoweza kupata. Mechi 25 za soka zina pointi 75. 40 kati ya 75 ni asilimia 53. Mechi 20 zina pointi 60. 35 kati ya 60 ni asilimia 58. Anayeonekana wa pili ndiye anayekwenda kasi zaidi.

Hesabu hii ilikuwa na kazi kubwa Machi 2020, janga la corona liliposimamisha michezo duniani. NHL haikuzimaliza mechi za kawaida zilizobaki. Ilichagua na kupanga timu za mtoano kwa asilimia ya pointi, kwa kuwa hazikuwa zimecheza idadi sawa ya mechi. Ligi yetu ilisimama pia mwezi huo, lakini ikarejea Juni na kuchezwa hadi mwisho, hivyo msimamo uliamuliwa uwanjani.

Mashindano yasiyo na jedwali

Usukumani watu walishindana muda mrefu kabla ya jedwali la pointi kufika. Vikundi vya ngoma vya Bagika na Bagalu, ambavyo asili yake inarudishwa kwa mahasimu wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, hushindana baada ya mavuno kwa namna iliyo rahisi kuieleza. Vikundi viwili hucheza wakati mmoja, kila kimoja upande wake, na watazamaji hujiamulia waende wapi. Mwenye umati mkubwa ndiye mshindi. Ndiyo maana wachezaji hubuni mambo ya kustaajabisha, wengine hata wakicheza na nyoka, ili umati uhame upande wao.

Mizani hiyo haina sare wala uwiano wa mabao. Lakini nayo ina siri yake: kila mchezaji anajua tangu mwanzo kitakachohesabiwa, na hucheza kwa ajili hiyo. Kama umati ndio pointi, utacheza kuuvuta umati. Kama kuvumilia dakika 60 kunalipwa, utavumilia. Kama ushindi unalipwa mara tatu ya sare, utautafuta.

Hilo ndilo la kukumbuka msimu utakapofika ukingoni na ubishi wa vijiweni kupamba moto. Pamba Jiji ya Mwanza, mrithi wa jina la Pamba iliyokuwa bingwa wa nchi mwaka 1990, ilirejea Ligi Kuu msimu wa 2024/25 baada ya kukosekana kwa zaidi ya miaka 20, na kwa timu za aina yake pointi moja ya mwezi wa tano ni tofauti ya kubaki au kushuka daraja. Anayetaka kujua timu yake iko wapi asiangalie safu ya pointi peke yake. Aangalie mechi zilizochezwa, aangalie uwiano wa mabao, na aisome kanuni ya msimu huo kabla mechi ya kwanza haijachezwa. Mkulima mwenye busara huikagua mizani kabla ya kupandisha gunia, si baada ya kulipwa.